Kamera ina wiki sita tu mkononi: niende warsha ya upigaji picha sasa, au nisubiri?

#1 Mchungulia

Wakuu habari zenu. Nimepata kamera yangu ya kwanza, imetumika lakini nzima, na lenzi yake ni ile ya kuvuta, ya milimita 18-55, iliyokuja nayo. Hii ni wiki ya sita. Napiga picha karibu kila siku, na mara nyingi nampiga mtoto wa dada yangu tukiwa ndani. Za nje zinatoka vizuri. Za ndani karibu nusu zimecheza au zina ukungu, halafu katikati yake inatokea moja safi kabisa na sijui nilifanya nini tofauti.

Sasa kuna warsha ya siku mbili. Siku ya kwanza darasani, siku ya pili nje na wanamitindo. Tangazo linasema watu wa ngazi zote wanakaribishwa. Ada yake ni akiba yangu ya miezi mitatu, na kujiandikisha mwisho ni Ijumaa. Rafiki yangu mmoja anasema niende haraka kabla sijazoea makosa. Mwingine anasema nitatupa hela kwa sababu hata cha kuuliza sikijui. Wote wawili wanapiga picha nzuri, ndiyo maana nimekwama. Mliopita njia hii, nishaurini. Natanguliza shukrani.

#2 PembeTatu

Nenda, mkuu. Mimi nilijifundisha mwenyewe mwaka mzima nikiwa nimeacha kila kitu otomatiki, na siku moja ya darasa ilinifungua macho kuliko huo mwaka wote. Mwalimu alichora pembetatu ubaoni: tundu la lenzi linaloingiza mwanga, kasi ya shata (muda ambao kamera inabaki wazi), ISO (jinsi kamera inavyohisi mwanga). Ukigusa kimoja, vingine viwili vinakudai. Nilishayasoma hayo mara kumi na yalikuwa hayajaniingia, mpaka nilipomwona mtu anageuza gurudumu la kamera na picha inabadilika mbele yangu.

Kuhusu picha zako za ndani, jaribu kufungua tundu. Kwa lenzi yako, vuta mpaka 55 uweke namba ya tundu f/5.6, hapo ndipo tundu linakuwa kubwa.

#3 KipepeoWaJioni

Usiende. Yote aliyochorewa PembeTatu ubaoni yamo kwenye video za mtandaoni bure, unarudia hata mara ishirini bila kumwonea mwalimu aibu. Hiyo akiba nunua lenzi ya 50 yenye f/1.8. Ukilinganisha na f/5.6 ya lenzi yako, inaingiza mwanga karibu mara kumi. Shida yako ni giza la ndani, na giza haliondolewi na cheti cha warsha.

#4 MzeeWaFilamu

PembeTatu, hapo kwenye tundu umeteleza. Namba ya f ni ya kugawanya urefu wa lenzi. Lenzi ya 50 kwenye f/2 ina tundu la milimita 25, maana 50 gawanya kwa 2. Kwa urefu uleule, namba ikikua, tundu linasinyaa. Lenzi ya mleta mada inafunguka f/3.5 akiwa 18, na akivuta mpaka 55 inaishia f/5.6. Kwa hiyo akivuta, mwanga unaoifikia picha unabaki chini ya nusu ya ule wa mwanzo. Ushauri wako unampeleka gizani zaidi.

Kuhusu warsha, zamani hatukuwa na warsha, tulikuwa na fundi. Nilikaa kwa fundi wangu miezi minne kabla hajaniruhusu kugusa kamera. Nilibeba taa, nilifagia, nilisafisha picha kwenye chumba cha giza. Nilipokuja kuishika, niliona mwanga kabla ya kuona mtu. Mkanda wa filamu ulikuwa na picha 36, na kila picha niliiandika daftarini: tundu, shata, saa, jua lilikuwa upande gani. Huyu bwana angetafuta mtu wa kukaa naye. Siku mbili ni chache.

#5 Chenga3200

Mzee daftari lako tunalijua humu, kila uzi lazima lipite 😄 Ila siku hizi picha inajiandikia yenyewe. Mleta mada, fungua picha iliyocheza, angalia maelezo yake, utuwekee hapa urefu wa lenzi, tundu, shata na ISO. Tusibishane kuhusu warsha wakati mgonjwa hajapimwa.

#6 Mchungulia

Kwanza, mimi ni dada, si bwana 🙂 Asante Chenga3200, sikujua kama maelezo hayo yapo. Nimefungua tatu zilizoharibika. Zote ni 55, f/5.6, ISO 400. Shata mbili ni 1/30 ya sekunde na moja 1/40. Ile iliyotoka safi ni 18, f/3.5, shata 1/100, ISO ileile 400.

#7 Chenga3200

Samahani dada. Jibu hilo hapo, umelileta mwenyewe. Mtoto anayecheza humshiki kwa 1/30. Anza na 1/250. Kutoka 1/30 kwenda 1/250 umepanda ngazi tatu, na kila ngazi inakata mwanga nusu, kwa hiyo umebaki na sehemu moja ya nane. Huo mwanga unaufidia kwenye ISO: 400 iende 800, 1600, 3200. Picha itakuwa na chenga kidogo, vile vidoadoa. Chenga zinavumilika, lakini uso uliocheza hauna dawa.

Na usivute. Rudi 18 au 24, sogea kwa miguu.

#8 RamaniYaMwanga

Tusiharakishe. Lenzi nyingi za 18-55 za miaka ya karibuni zina kituliza mtikisiko, kwa hiyo 1/30 inashikika vizuri. Mimi naona ni fokasi. Mpiga picha mpya huiacha kamera ichague yenyewe pa kulenga, nayo inachagua kilicho karibu au chenye mistari mikali: kiti, pazia, mkono. Uso unabaki na ukungu. Dada, weka nukta moja ya fokasi, ilaze juu ya jicho.

#9 MzeeWaFilamu

Ramani, kituliza kinatuliza mkono wa mpigaji. Mtoto hakijui. Ukiwa na kituliza kizuri ukuta utatoka safi kwa 1/30, na mtoto atapita mbele yake kama moshi.

Dada Mchungulia, nisamehe kwa kukuita bwana. Kabla hujamwamini yeyote hapa, rudi kwenye hizo picha tatu, zikuze, angalia nyuma ya mtoto. Kama ukuta ni safi lakini mtoto ameburuzika, ni mwendo wake. Kama kila kitu kimeburuzika kuelekea upande mmoja, ni mikono yako. Kama hakuna kilichoburuzika ila kuna kitu kingine mbele au nyuma kilicho kikali kuliko uso, basi Ramani ana haki, ni fokasi. Uniambie.

#10 Thelathini

Nimekaa nasoma, ngoja niseme yaliyonikuta. Nilienda warsha nikiwa na kamera ya mwezi mmoja. Tulikuwa watu thelathini, mwalimu mmoja, mwanamitindo mmoja. Mwalimu alipanga taa mwenyewe, akatuandikia namba za kuweka, kisha tukapanga foleni, kila mtu picha tano. Nilirudi nyumbani na picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Niliwaonyesha watu wote, nikasifiwa.

Wiki iliyofuata nikakaa na mdogo wangu nyumbani, nikaweka namba zilezile. Picha nyeusi tii. Sikujua kuwa zile namba zilikuwa za zile taa na ule umbali. Hakuna aliyetuambia, na mimi sikuuliza kwa sababu picha zilikuwa zinatoka nzuri, ningeuliza nini? Kamera ilikaa kabatini miezi saba. Hilo linaniuma mpaka leo, kuliko hata ile hela.

#11 Mpekuzi

Thelathini, pole. Lakini hapo tatizo lilikuwa wewe kuwahi, au warsha yenyewe? Maana mtu mwenye uzoefu wa miaka mitano angepanga foleni ileile.

#12 Thelathini

Mwenye uzoefu wa miaka mitano angeziangalia zile taa akajua kwa nini mwalimu aliandika f/8. Mimi niliona namba tu. Naamini niliwahi.

#13 BintiDirisha

Mimi niliwahi kuliko wewe Thelathini. Kamera nilikuwa nayo siku nne. Tulikuwa sita, chumba kina dirisha moja, na mwalimu akaweka mezani yai jeupe juu ya karatasi nyeupe. Saa nzima, yai moja. Kwanza picha zetu zote zilitoka za kijivu. Akatueleza kwamba kipimo cha mwanga ndani ya kamera hakijui kama kinatazama yai au mkaa, kinakisia kila kitu ni kijivu cha kati. Ukipiga cheupe kinakifanya kijivu, ukipiga cheusi nacho kinakifanya kijivu. Ndipo akatuonyesha kitufe cha kuongeza na kupunguza, tukaongeza ngazi moja, yai likawa yai.

Kisha akatuzungusha mezani. Dirisha nyuma yako, yai halina umbo, bapa kama sahani. Dirisha ubavuni, yai linavimba, lina upande wa mwanga na upande wa kivuli. Dirisha likiwa nyuma ya yai, ukingo wake unang'aa. Tangu siku hiyo nikiingia chumba chochote natafuta dirisha kabla ya kiti. Nilikuwa sijui neno hata moja, na ndiyo maana hakuna kilichonizuia. Mchungulia, uliza mko wangapi na mtafanya nini kwa mikono yenu. Wiki sita si kigezo.

#14 KipepeoWaJioni

Yai na dirisha viko hata kwa Mchungulia, BintiDirisha. Umesimulia, naye sasa anaweza kufanya kesho asubuhi bila ada.

Angalieni historia. Vivian Maier alikuwa yaya wa watoto Chicago, hakusomea picha popote, akaacha negativu zaidi ya laki moja ambazo dunia ilianza kuzijua baada ya mnunuzi mmoja kuzipata mnadani mwaka 2007. Gordon Parks alinunua kamera yake ya kwanza kwenye duka la rehani, akajifundisha mwenyewe, na 1948 akawa mpiga picha wa kwanza Mweusi kuajiriwa na jarida la Life la Marekani. Hawa warsha yao ilikuwa barabara.

#15 Mpekuzi

Kipepeo, kwa Parks umeruka ukurasa. Mwaka 1942 alipata ufadhili akaenda Washington kufanya kazi chini ya Roy Stryker, kwenye kile kitengo cha serikali kilichopiga picha za maisha ya wakulima na maskini wa Marekani. Parks mwenyewe alisimulia kwamba Stryker kwanza alimwambia aache kamera, azunguke mjini, aingie dukani, aingie mgahawani, aende sinema. Kote alikataliwa kwa sababu ya rangi yake. Aliporudi na hasira, Stryker akamwelekeza akazungumze na mama mfanya usafi wa jengo lao, Ella Watson. Picha yake akiwa amesimama na ufagio mbele ya bendera ya Marekani ilitoka hapo. Namba za kamera Parks alizijua tayari. Alichokosa ni mtu wa kumwambia atazame wapi.

Na Malick Sidibé wa Mali alianza miaka ya hamsini kama msaidizi kwenye duka la mpiga picha mmoja Mfaransa mjini Bamako, kabla hajafungua studio yake mwenyewe. Hapo Mzee wetu wa daftari ana ushahidi.

#16 PembeTatu

Mzee, nashukuru kwa kunisahihisha kwenye tundu, nilichanganya. Ila Mpekuzi, kwa nini umemwacha Diane Arbus, yule mpiga picha wa Marekani? Alisoma kwa mpiga picha na mwalimu Lisette Model, na picha zake zinazojulikana zote zimekuja baada ya hapo. Huo ni ushahidi wa darasa, wala si wa fundi.

#17 Mpekuzi

Sikumwacha, nilikuwa namhifadhi. Arbus alienda kwa Model 1956. Kabla ya hapo alikuwa na karibu miaka kumi ya kupiga picha za mitindo pamoja na mumewe, Allan. Alienda akiwa anajua anachokikimbia. Mfano wako unamsaidia anayesema subiri.

#18 PembeTatu

Au unasema kwamba miaka kumi bila mwalimu haikumfikisha alipotaka, na mwalimu akamfikisha. Tunasoma kitu kimoja kwa macho mawili.

#19 MwalimuWaJumamosi

Habari za humu. Nafundisha warsha ndogo kwa miaka kadhaa sasa, sitaji wapi kwa sababu sikuja kutangaza biashara. Nawaambieni ninachokiona nikiwa mbele.

Mwanafunzi wa wiki moja anachoka mapema. Kufikia mchana kichwa kimejaa, na nikimuuliza ISO ni nini ananiangalia tu. Lakini kile kidogo alichoshika anakishika sawasawa. Mwanafunzi wa miezi mitatu ndiye rahisi zaidi kufundisha, ana maswali yake mfukoni. Anayenipa kazi kubwa ni wa miaka miwili aliyejifundisha peke yake. Ana picha nzuri, ana wanaomsifu, na ana tabia moja mbaya ambayo hakuna aliyewahi kuiona kwa sababu huwa yuko peke yake. Mmoja alikuwa anasindilia kitufe cha shata kwa nguvu mpaka kamera inainama. Alishabadilisha lenzi mbili akitafuta kwa nini picha zake hazina ukali.

Hicho ndicho video haiwezi kukupa, Kipepeo. Video inakuonyesha mikono ya mwalimu, haiioni ya kwako. Kwa hiyo namuuliza Mchungulia, na nashangaa hakuna aliyemuuliza: unaishikaje kamera? Unachungulia kwenye kile kitundu cha nyuma ya kamera au unaangalia skrini? Viwiko viko wapi?

#20 Mchungulia

Nimemwomba dada yangu anipige picha nikiwa napiga picha. Naangalia skrini. Mikono yote miwili nimeinyoosha mbele kama nabeba sinia la moto. Jina langu humu ni Mchungulia na kile kitundu sijawahi kukichungulia tangu nianze, kwa kuwa kwenye simu nilizoea skrini.

Na nimefanya kipimo cha Mzee. Picha ya kwanza, ukuta ni safi, mtoto ameburuzika. Ya pili, kila kitu kimeburuzika kuelekea kulia, hadi fremu ya mlango. Ya tatu hakuna kilichoburuzika, lakini mto wa kochi ulio mbele yake una ukali mpaka nyuzi zinaonekana, na uso una ukungu. Picha tatu, sababu tatu.

#21 RamaniYaMwanga

Kwa hiyo moja ni yangu 🙂 Hiyo ya mto wa kochi.

#22 Chenga3200

Na mbili zinatibiwa na shata ya haraka, ya mwendo na ya mikono. Dada, umeshapona kabla ya Ijumaa. Vuta viwiko vikae mbavuni, kamera igusane na uso, mkono wa kushoto uwe chini ya lenzi. Kwa mkono mtupu usishuke chini ya moja gawanya kwa urefu wa lenzi. Ukiwa 55 ni 1/60.

#23 MzeeWaFilamu

Kanuni hiyo ni ya sensa (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) ya milimita 36 kwa 24, sawa na mkanda wetu. Kamera nyingi zinazokuja na 18-55 zina sensa ndogo zaidi, unazidisha kwa 1.5. Kwa hiyo 55 inatenda kama 80 na ushee, ashike 1/80 au zaidi. Na hapo ni kwa kitu kilichotulia. Kwa mtoto, baki na ile 1/250 yako.

#24 BintiDirisha

Mimi naona jambo moja. Machapisho kumi na nane tumepiga kelele za tundu na ISO, tukamtaja Arbus wa watu, na hakuna aliyeuliza anavyoshika kamera. Aliyeuliza ni mtu anayesimama mbele ya wanafunzi. Kwangu hilo ndilo jibu la swali la mleta mada.

#25 KipepeoWaJioni

Aliuliza bure, kwa maandishi, bila kumwona. Na aliyegundua ni Mchungulia mwenyewe na dada yake. Kwangu hilo nalo ndilo jibu.

#26 Msafiri_wa_Usiku

Jamani, mmesahau faida nyingine. Warsha ya wanamitindo inakupa picha za kuonyesha wateja. Mimi nilienda kwa ajili hiyo tu na nikapata kazi ya kwanza.

#27 Thelathini

Hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Taa zilipangwa na mwalimu, nguo zilichaguliwa na mwingine, mwanamitindo anajua kusimama. Ukimwonyesha mteja kama kazi yako, anakuajiri kwa uwezo wa mtu mwingine. Siku ya harusi yake hakuna wa kukuandikia namba.

#28 Msafiri_wa_Usiku

Kubonyeza nilibonyeza mimi, pembe nilichagua mimi. Hata kwenye picha kubwa za matangazo kuna msaidizi anayepanga taa, na jina linaandikwa la mpiga picha.

#29 MwalimuWaJumamosi

Msaidizi yule anaambiwa aweke taa wapi. Kwenye warsha mpigaji ndiye anayeambiwa. Mimi huwaambia wanafunzi wangu: onyesha, lakini andika pembeni kwamba ilipigwa kwenye mafunzo. Na uulize mapema kama mwanamitindo ameridhia picha zake zitumike kutafutia biashara, maana mara nyingi ameridhia za kujifunzia tu.

#30 Nuru_Changa

Natoka nje ya mada kidogo. Mzee, hivi kwenye chumba cha giza ile taa nyekundu haiharibu karatasi?

#31 MzeeWaFilamu

Karatasi ya picha nyeusi na nyeupe haioni nyekundu, mwanangu. Mkanda wenyewe unaona, huo unaupakia gizani kabisa, kwa kupapasa. Unaanza na dawa ya kuitoa picha, kisha ya kuisimamisha, kisha ya kuifunga isifutike. Ile ya kwanza ndiyo tamu. Karatasi ni nyeupe, halafu jicho linakuja, halafu nywele. Nimefanya maelfu ya mara na kila mara nilishika pumzi. Fungua uzi wake, nitakuja.

#32 Mchungulia

Nimerudi. Nimewapigia waandaaji nikauliza mliyonielekeza. Washiriki watakuwa 24, walimu wawili. Siku ya kwanza masaa manne ni maelezo, masaa mawili ni kushika kamera. Nikauliza kama mwalimu ataziangalia picha zetu, wakasema jioni ya siku ya pili zitachaguliwa kumi za kujadiliwa mbele ya wote. Lenzi yangu inaruhusiwa. Aliyepokea simu alikuwa mwema, hakunificha kitu.

Pia leo nimempiga mtoto karibu na dirisha. Viwiko mbavuni, jicho kwenye kitundu, 1/250, ISO 3200, nukta ya fokasi kwenye jicho lake, lenzi 24. Picha arobaini, zilizocheza ni sita. Nimekaa chini nikaziangalia mara mbili mbili. Kuna moja anacheka na meno yake mawili yanaonekana, dada yangu ameiomba.

Ila kuna kitu kipya sikielewi. Akiwa dirishani uso wake una mwanga mzuri na ukuta wa nyuma ni mweusi. Akirudi nyuma hatua chache, ukuta unaonekana na uso unakuwa bapa. Mimi sijagusa kitu zaidi ya ISO kupanda.

#33 Chenga3200

Arobaini kwa sita! Hongera sana dada. Hilo la ukuta ni umbali. Ukiongeza umbali mara mbili kutoka kwenye mwanga, unapata robo. Akiwa dirishani yeye ana mwanga mwingi, ukuta ulio mbali hauna kitu, basi unazama. Akisogea nyuma, yeye na ukuta wanakaribiana mgao.

#34 RamaniYaMwanga

Maelezo sawa, robo siyo. Robo ni kwa chanzo kidogo, kama balbu moja. Dirisha ni pana, ukiwa karibu nalo mwanga unapungua polepole kuliko hapo. Ukishakuwa mbali sana ndipo dirisha linaanza kutenda kama balbu.

#35 MwalimuWaJumamosi

Ramani yuko sahihi. Na kuhusu uso kuwa bapa, nadhani karibu na dirisha mwanga ulimpiga ubavuni, na alipoingia ndani alikugeukia wewe na dirisha likawa mgongoni kwako. Ni lile yai la BintiDirisha. Au kuta zako ni nyeupe na zinamrudishia mwanga kutoka kila upande. Bila kukiona chumba siwezi kusema ni lipi.

Kwa hiyo warsha ya 24 kwa walimu wawili: kwa masaa mawili ya mikono, kila mmoja anapata dakika kumi za mwalimu, kama wanagawa sawa. Si mbaya, nimeona mbaya zaidi. Lakini siku ya wanamitindo ningekushauri uombe kulipia siku ya kwanza peke yake.

#36 PembeTatu

Dakika kumi za mtu anayeangalia viwiko vyako ni nyingi. Nenda siku zote mbili.

#37 Thelathini

Picha kumi za kujadiliwa, watu 24. Kumi na wanne wanarudi bila neno. Na zitachaguliwa zilizotoka vizuri, sina shaka. Mchungulia, ukienda, ng'ang'ania wajadili iliyokuharibikia.

#38 Mchungulia

Asanteni wote, kwa kweli. Siku ya kwanza peke yake sikuwaza kabisa, nitawapigia tena kuwauliza. Kesho asubuhi kabla jua halijazunguka nitamweka mtoto mita moja kutoka dirishani, kisha mbili, kisha tatu, bila kumgeuza, ISO nitaifunga pale pale. Nimenunua daftari, Mzee. Nataka nione kama ni umbali au ni kuta.

#39 MzeeWaFilamu

Andika na saa. Na kama kuna mawingu, andika mawingu.

#40 KipepeoWaJioni

Mimi bado nasema lenzi.

#41 PembeTatu

Na mimi bado nasema nenda. Ijumaa utuambie.